Meyer wa Kilimanjaro, Steinmeier wa Songea: jina la kazi lilivyozaliwa Ujerumani

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale waliyoyatenda Wajerumani katika vita vya Maji Maji. Miaka 134 kabla yake, tarehe 6 Oktoba 1889, Mjerumani mwingine, Hans Meyer, alifika kilele cha Kibo pamoja na Mwaustria Ludwig Purtscheller. Jina la Meyer bado limo katika pango lililo kwenye njia ya Marangu na katika ncha ya juu kabisa ya Mawenzi. Ukimwongeza kipa Sepp Maier, aliyelinda lango la Ujerumani Magharibi ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 1974, maswali ya vijiweni hayakawii. Hawa ni ukoo mmoja? Ni Wayahudi? Na hilo "Meyer" si ndilo "meya"?

Majibu mafupi: si ukoo mmoja, wapo Meyer Wayahudi, lakini wengi wa wenye jina hili si Wayahudi, na meya ana asili moja na jina hili ingawa kazi zao hazikukutana popote. Kwa majibu marefu inabidi turudi shambani, miaka 1,200 nyuma.

Tuanze na maana za msingi. Jina la ukoo ni lile linalorithiwa bila kubadilika, kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto hadi kwa kilembwe. Sisi wengi tunalo la namna nyingine: Juma bin Hamisi akizaa Ali, huyo ni Ali bin Juma, na Hamisi anasogea nyuma. Wajerumani nao walikuwa hivyo, au walikuwa na jina moja tu, hadi karne ya 12, miji ya magharibi na kusini ilipoanza kujaa watu na akina Heinrich wakawa wengi kuliko mtu anavyoweza kuwatofautisha. Ndipo likaongezwa neno la pili. Wengine walipewa jina la baba: Carl Peters, yule wa mikataba ya ulaghai ya Usagara, jina lake la ukoo ni "wa Peter" tu. Wengine walipewa mahali walikotoka, mathalani Bayer, mtu wa Bavaria. Wengine umbo au rangi: Klein ni mdogo, Schwarz ni mweusi. Na kundi kubwa lilipewa kazi: Müller msaga nafaka, Schmidt mhunzi, Schneider mshonaji, Fischer mvuvi, Weber mfumaji. Müller ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Ujerumani, Schmidt linafuata. Meyer limo katika kumi za juu hata ukihesabu tahajia hiyo moja peke yake.

Kazi hizo nyingine zinaeleweka zenyewe. Meier, ambaye ni Meyer yuleyule kwa tahajia nyingine, ndiye anayehitaji maelezo, kwa sababu kazi yake imekufa.

Neno linatoka katika Kilatini, maior, yaani mkubwa kuliko wengine. Wafalme wa Wafranki, waliotawala sehemu kubwa ya Ulaya magharibi zama hizo, walikuwa na maior domus, mkuu wa nyumba ya mfalme, na cheo hicho kilikua hadi kikamzidi mfalme mwenyewe. Charles Martel alikuwa nacho. Mwanawe Pippin alichoka kuendesha nyumba ya mwenzake, na mwaka 751 akakichukua kiti. Huko juu neno lilimaanisha mtu anayeweza kumng'oa mfalme. Huku chini, neno lilelile lilimtaja msimamizi wa shamba. Wajerumani walilichukua kwa maana hiyo ya chini, wakalitamka meior, kisha meier. Waingereza kutoka mzizi uleule walipata majina ya mkuu wa mji na ya cheo cha jeshi, na Kiswahili kikapata meya na meja. Kwa hiyo anayesema Meyer na meya ni ndugu hakosei, ila akidhani babu yake Hans Meyer alitawala mji, amepotea. Mkuu wa mji kwa Kijerumani ni Bürgermeister, na hiyo "meister" ya mwisho imetoka kwingine kabisa, katika Kilatini magister.

Sasa shamba lenyewe. Katika karne ya 9 ardhi nyingi ilikuwa mikononi mwa mfalme, makabaila, maaskofu na monasteri. Mwenye mali aliweza kuwa na mashamba ishirini yaliyotapakaa safari ya siku kadhaa, naye hakai katika hata moja. Kila shamba lilikuwa na sehemu mbili. Moja ililimwa moja kwa moja kwa ajili ya bwana. Nyingine iligawanywa vipande vilivyoitwa Hufe, kila kimoja kikitosha kulisha familia moja; ukubwa ulibadilika kutoka mahali hadi mahali, mara nyingi kati ya hekta 7 na 15. Waliokaa kwenye vipande hivyo walikuwa watwana: hawakuuzwa sokoni mmoja mmoja, lakini hawakuruhusiwa kuondoka, na walidaiwa siku za kazi katika shamba la bwana, mahali pengine hadi siku tatu kwa wiki. Juu ya hizo walitoa nafaka, kuku, mayai na nguruwe.

Meier ndiye aliyekuwa kati. Aliamua lini jembe liingie, alihesabu siku za kazi za kila mtwana, alipokea malipo (siku ya Mtakatifu Martin, 11 Novemba, ilikuwa siku maarufu ya kulipa, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani), alipeleka mali kwa bwana, na mara nyingi alikaa na kusikiliza kesi ndogo za shambani. Anayejua habari za mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba katika karne ya 19 atamtambua upesi. Kule mwenye shamba alimweka msimamizi, na chini yake nokoa na kadamu. Nokoa alikuwa mtumwa mwenyewe, aliyepewa mamlaka juu ya watumwa wenzake. Meier wa mwanzo aliishi katika hali ya namna hiyo. Wengi wao walikuwa watwana waliopandishwa, wala hawakuwa mabwana. Kwa hiyo hadithi kwamba jina hili ni alama ya asili ya kikabaila haina mashiko.

Kuna ushahidi mzuri wa hili. Karibu na mwaka 800, mfalme Karolo Mkuu alitoa maagizo ya namna ya kuendesha mashamba yake. Moja linasema maior asipewe eneo kubwa kuliko analoweza kulizunguka na kulikagua kwa siku moja. Jingine linasema wasichaguliwe watu wenye nguvu, wachaguliwe wa hali ya kati walio waaminifu. Hii ya pili ni akili ya mtu aliyekwisha kuibiwa: mwenye nguvu ukimkabidhi ghala lako, kesho anakuuliza wewe ni nani.

Na ndivyo ilivyokuja kuwa. Vizazi vilipita, usimamizi ukarithiwa, na Meier mmoja baada ya mwingine akaanza kulihesabu shamba kama lake. Pesa nazo zilianza kuzunguka zaidi, na siku za kazi za lazima zikaonekana hasara kwa pande zote. Katika karne ya 12 na ya 13 mabwana wengi waliuvunja mfumo wote. Badala ya kusimamia, wakapangisha.

Hapa ndipo jina linapogawanyika, na wengi hupotea. Kusini, yaani Bavaria, Swabia, Austria na Uswisi, Meier alibaki na nyumba kuu na ardhi iliyoizunguka, akawa mkulima mkubwa kuliko wote kijijini. Kaskazini, hasa katika nchi iitwayo leo Niedersachsen, "Meier" likawa jina la mpangaji yeyote aliyelima shamba la bwana kwa mkataba. Mwanzoni mkataba ulikuwa wa miaka kadhaa tu. Baadaye watawala walizuia mabwana kuwafukuza wapangaji hao, maana mkulima aliyetulia ndiye mlipa kodi, na upangaji ukawa wa kurithi. Wakawapo Vollmeier, mwenye shamba kamili, na Halbmeier, mwenye nusu. Kwa hiyo babu wa Mayr wa Bavaria huenda aliwasimamia watwana thelathini, na babu wa Meyer wa Hannover huenda hakumsimamia mtu ila ng'ombe wake. Jina moja, kazi mbili.

Neno la kazi liligeukaje kuwa jina? Kwanza mtu aliitwa Heinrich der Meier, Heinrich yule msimamizi. Katika hati za Kilatini anaonekana kama Henricus villicus. Hilo bado si jina la ukoo, ni maelezo ya kazi, na kazi ikimtoka, neno linamtoka pia. Kisha "der" ikadondoka, akabaki Heinrich Meier. Hatua ya mwisho ni pale mwanawe, ambaye hasimamii chochote, anapoitwa Meier vilevile. Wanaosoma hati za kale wana kipimo rahisi: ukikuta "Hans Meier, mhunzi", jina limekwisha kuganda, kwa kuwa mtu huyo ana kazi nyingine na bado anaitwa Meier. Mijini ganda hilo lilianza kukaza mapema. Vijijini mambo yalichelewa, sehemu nyingi hadi karne ya 15 na ya 16.

Na kwa kuwa kila shamba kubwa lilikuwa na Meier wake, jina lilizaliwa maelfu ya mara, katika maelfu ya vijiji, kwa watu wasiojuana. Hilo linatosha kujibu swali la ukoo mmoja. Sepp Maier ni mtu wa Bavaria. Familia ya Hans Meyer ilitoka Gotha, katikati ya Ujerumani. Wanaouza mtandaoni "nembo ya ukoo wa Meyer", iliyochapwa kwenye kikombe, wanauza kikombe tu. Nembo za Kijerumani ni za familia fulani mahususi, na hakuna familia moja iitwayo Meyer.

Tahajia nazo zimezua uzushi mwingi: eti Mayer ni matajiri, Meier ni wakulima, Meyer ni wa mjini. Meyer, Meier, Maier, Mayer na Mayr yote leo hutamkwa takribani "Maia". Waandishi wa zamani waliandika i au y walivyopenda, na y ilionekana ina madaha zaidi. Kule Bavaria na jirani zake waliandika "ai", kama katika Kaiser, kwa sauti ambayo wenzao wa kaskazini waliiandika "ei". Kwa hiyo tahajia inaelekeza kidogo kwenye eneo, wala haisemi lolote juu ya mfuko. Mwanakemia Lothar Meyer alizaliwa Varel, kaskazini. Mwanafizikia Robert Mayer, Heilbronn huko Württemberg. Mwanabiolojia Ernst Mayr, Kempten huko Bavaria. Ramani haikosei sana, ila isiaminiwe kwa mtu mmoja mmoja: padri mmoja aliweza kumwandika mtu yuleyule kwa tahajia tatu, siku ya ubatizo, ya ndoa na ya mazishi. Kilichozigandisha ni ofisi za serikali za kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, zilizoanza Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya enzi hizo, mwaka 1874 na Ujerumani nzima tarehe 1 Januari 1876. Kabla ya hapo, anayesema "sisi ni wa y, wale wa i si wetu" anajidanganya.

Jina lilipokuwa la wengi mno, likahitaji kiungo. Obermeier alikuwa wa shamba la juu, Niedermeier wa chini. Bachmeier alikaa penye kijito, Holzmeier penye msitu. Niemeyer ni Meier mpya, na jina hilo lilivuka bahari hadi kwa msanifu majengo Oscar Niemeyer wa Brazil. Zehetmair alihusika na zaka, Widmaier na ardhi ya kanisa. Steinmeier ni Meier wa penye mawe. Rais huyo alizaliwa Detmold, katika nchi ya Lippe, na majina yanayoishia kwa -meier yamejaa Lippe na Westfalia jirani yake. Ujerumani ya mashariki yamepungua, kwani mfumo wa mashamba haya haukufika huko kwa nguvu. Mkuu wa kijiji aliitwa Schulze, na Schulze ndiyo waliojaa.

Wajerumani wenyewe walilifanyia jina hili mzaha. Schlaumeier ni mjuaji, Angstmeier ni mwoga, Kraftmeier ni mtunisha misuli. Mwaka 1855 gazeti la vichekesho la Munich lilianza kutoa mashairi ya mwalimu wa kubuni aitwaye Biedermaier, mtu wa kawaida aliyeridhika na kila kitu, na jina la mtu huyo ambaye hakuwahi kuishi likaja kupewa enzi nzima ya sanaa na samani, ile ya 1815 hadi 1848.

Je, jina la kazi linaeleza kazi ya familia? Kwa shida. Sehemu nyingi shamba la Meier halikugawanywa. Mtoto mmoja alirithi, wengine wakaondoka na jina bila ardhi. Baba wa Joseph Meyer, aliyeasisi kampuni ya uchapishaji iliyotoa ensaiklopidia maarufu ya Meyer, alikuwa fundi viatu. Hans Meyer wa Kilimanjaro ni mjukuu wa huyo Joseph. Baba wa Rais Steinmeier alikuwa seremala. Jina linamtaja mtu mmoja wa zamani, katika mstari mmoja wa kiumeni. Mababu wengine wote wa wakati ule, nao ni mamia, halisemi juu yao.

Suala la Uyahudi lina chanzo chake halali. Kiebrania kina jina la kupewa mtoto, Meir, lenye maana ya atoaye nuru, sawasawa na Munir wetu. Rabi Meir wa karne ya 2 ni maarufu, na Wayahudi wa Ujerumani waliwaita watoto wao hivyo karne nyingi kabla ya kuwa na majina ya ukoo. Mwasisi wa benki ya akina Rothschild, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1744, aliitwa Mayer Amschel: hapo Mayer ni jina lake mwenyewe. Dola ya Austria ilipowalazimisha Wayahudi kuwa na majina ya kudumu mwaka 1787, na Prussia mwaka 1812, baadhi waligeuza jina la baba au babu kuwa la ukoo. Mito miwili ikaingia ziwa moja, na ukishateka maji huwezi kusema haya ni ya mto gani. Golda Meir, waziri mkuu wa Israeli, aliolewa akawa Meyerson, na mwaka 1956 akalifupisha kwa Kiebrania. Kwa jina peke yake, bila mahali wala dini wala daftari, huwezi kujua Meyer fulani yuko upande gani. Waliodai wanaweza kumjua Myahudi kwa jina wameiletea Ulaya maafa tunayoyajua.

Mwenye Meyer katika nasaba yake, na wapo Afrika Mashariki, aanze na mahali kabla ya maana. Bila jina la kijiji au parokia hakuna pa kushika, kwa kuwa jina lenyewe liko kila pahali. Baada ya hapo ofisi ya uandikishaji ya mji husika: vizazi huwekwa humo miaka 110, ndoa 80, vifo 30, kisha daftari huhamia hifadhi ya nyaraka, ambako kupekua ni rahisi zaidi. Kabla ya 1876 ni vitabu vya kanisa. Parokia nyingi zinavyo tangu karne ya 16 au ya 17, isipokuwa vile vilivyoteketea katika Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648. Tafuta tahajia zote tano kwa pamoja, pamoja na Villicus, maana wasomi wa zamani walipenda kuvaa Kilatini.

Mitego mikubwa ni miwili. Westfalia na Lippe, hadi mwanzoni mwa karne ya 19, jina lilikuwa la shamba: mwanamume aliyeoa mrithi wa shamba la Meier aliitwa Meier kuanzia hapo, na watoto pia. Ukifuata mstari wa baba unakatika ghafla siku ya harusi, na mtafiti asiyejua hudhani daftari lina kosa. Tafuta neno "genannt", yaani "aitwaye", kati ya majina mawili. La kwanza ndilo alilozaliwa nalo, la pili ni la shamba. Mtego wa pili uko kwa wanawake. Katika vitabu vya karne ya 17 na ya 18 binti au mke wa Meyer huandikwa Meyerin. Hiyo -in ni alama ya kike tu, na anayeandikisha Meyerin kama ukoo mpya atamtafuta baba yake asimpate.